Leo Peke Yako

Mkufunzi alizima redio, akashuka kwenye lori. "Dada, leo peke yako. Rudisha trela nyuma mpaka mlango wa ghala."

Dereva mpya alikaza mkanda wa kiti. Kwa wiki sita walikuwa bega kwa bega. Sasa madereva wakongwe walijipanga ukutani kutazama sinema ya bure.

"Usituangushie ghala, mwenzetu!" mmoja alitania.

Akakata usukani kulia ili trela liende kushoto, macho kiooni. Taratibu, taratibu, hadi trela likagusa mpira wa ukingo wa ghala kwa upole, kama shavu kwa shavu.

Vifijo vililipuka. Mkufunzi akampa karatasi za safari dirishani. "Kilomita mia tisa. Wakimaliza kupakia, ondoka."

"Peke yangu?"

"Kwani nani mwingine dereva hapo?"

Akabonyeza honi mpaka njiwa wa paani wakatawanyika.