Mawe ya Mkwe

Bibi alivua viatu, akapanda juu ya jiwe la rangi ya asali na kusimama hapo kama anayetaka kuhutubu.

"Hili laini. Nimelipenda."

"Bibi una jicho," alisema Hafidh, mwenye duka.

Lilikuwa jiwe la mchanga kutoka India, limesuguliwa mpaka linang'aa. Sebuleni ni zuri. Uani, mvua ikinyesha, halifai hata kwa paka. Siku nyingine yoyote Hafidh angelisema, maana duka lake la hapo Konde lilijaa mawe ya aina hiyo hiyo yasiyosuguliwa, yenye mkwaruzo unaoshika mguu. Lakini leo ulimi ulikuwa mzito.

Asubuhi mama yake mdogo, Bi Mwatum, alimpigia simu. Posa waliyoipeleka Wingwi kwa kina Ruweida ilikuwa bado haijajibiwa, na leo shangazi yake Ruweida angekuja dukani kimya kimya kumtazama mposaji.

"Jiangalie," alimwambia. "Akirudi na neno baya, basi tena."

Hafidh alimpenda Ruweida mpaka usingizi ulikuwa umemhama. Na huyu bibi asiyemjua aliingia na buibui lake, akauliza kwanza yeye mwana wa nani, ndipo akauliza mawe. Nani tena kama si shangazi?

Basi akamletea kiti. Akamletea maji ya baridi. Akasifu kila jiwe aliloligusa, na bei akaiteremsha mpaka akajionea huruma.

"Nataka nitandike ua mzima, mpaka pa kutawadhia," alisema bibi. "Hili halitelezi?"

"Hata kidogo, bibi." Hakumtazama usoni.

Pembeni alikuwapo mzee mmoja wa baskeli. Alifika kabla ya bibi, akauliza, "Hapa ndo kwa Hafidh?" na tangu hapo akawa anaambiwa asubiri kidogo. Bibi alipotoka kusimamia mawe yake yakipakiwa garini, mzee akaligusa jiwe lile lile.

"Na mie nataka hili, la mlangoni."

"Hilo usichukue, Mzee," Hafidh alinong'ona. "Likiroa linateleza vibaya. Utavunja kiuno."

"Mbona bibi umemwambia halitelezi?"

Hafidh akacheka. "Yule mkwe wangu, Mzee. Mkwe habishiwi. Nioe kwanza, kisha nitambadilishia."

"Anhaa," alisema mzee. Akapanda baskeli yake akaondoka mikono mitupu, na Hafidh wala hakumwona. Alikuwa mbioni kwenda kumfungia bibi mlango wa gari.

"Nisalimie wote Wingwi, bibi!"

"Wingwi?" Bibi alitoa kichwa dirishani. "Wingwi kuna nani, mwanangu? Mie natoka Wete."

Gari likaondoka. Hafidh alikuwa bado kasimama mdomo wazi simu ilipolia. Ni Bi Mwatum.

"Shangazi mtu hakuja, kaamka na homa," alisema. "Kaja mjomba mtu, kwa baskeli. Kanipigia sasa hivi."

Hafidh alitafuta pa kukaa. "Kasemaje?"

"Kasema Ruweida utaozeshwa. Ila kwanza umkimbilie yule mkweo mwengine, ukambadilishie mawe." Kisha Bi Mwatum akauliza, "Hafidh, mkwe gani huyo mwengine?"