Swichi ya Upande wa Pili

Mwasiti, fundi umeme wa magari, alishafunga betri ya pili ndani ya gari la seremala Kilango, lililokuwa pia karakana yake, ili taa na feni visije vikamaliza betri ya injini. Ilibaki taa.

"Niiweke juu ya meza ya kazi, kaka?"

Kilango alisita, kisha akagusa ubavu wa gari kwa ndani, chini kabisa, karibu na sakafu. "Hapa."

Hapo hapachongwi mbao. Mwasiti akaliona godoro lililokunjwa, na shati safi lililotundikwa kwenye mpini wa msumeno. Hakuuliza. Kazi yake ilikuwa swichi, na swichi huwekwa mkono unapofika.

"Basi lala."

"Nilale?"

"Lala kama unavyolala siku zote, unyooshe mkono."

Seremala akavua viatu, akatandika godoro, akajilaza huku uso ameugeuzia pembeni kwa haya. Vidole vilipogusa ubavu wa gari, Mwasiti akatia alama ya chaki, akatoboa, akafunga taa na swichi yake. Taa ikawaka.

Ndipo alipoona kwamba Kilango amejibanza upande mmoja, na nusu ya godoro iko wazi.

"Na upande huu?"

Kilango aliipapasa nusu ile tupu. "Mke wangu yuko kwao. Wazee bado wanazungumza. Lakini pitisha waya, fundi."

Mwasiti akaupitisha, akaziba ncha kwa utepe mweusi. Akauacha mrefu kidogo, maana hakujua mkono wa mwanamke yule unafika wapi.