Hold On Maana Yake Subiri

Ngazi ilipoanza kuteleza, fundi rangi alikuwa amesimama wima chini yake, mikono kaifunga nyuma kama mwanafunzi mstarini. Mshonaji wa nyumba ya jirani aliona yote dirishani kwake, na ndivyo alivyomwambia sajini.

“Hakuigusa?”

“Hata kwa kidole, afande. Mwalimu anapiga kelele huko juu, huyu anamtazama tu kama anayetazama mwezi.”

Mwalimu sasa alikuwa sebuleni, kafunikwa shuka mpaka kichwani. Fundi alikuwa uani, kaketi juu ya ndoo, na mbele yake, juu ya kopo la rangi, sajini ameziweka pingu azione vizuri.

“Wewe ndiye Shikilia?”

“Ndiye mimi. Jina alilonipa mama lipo, ila hakuna anayelikumbuka.”

“Mzee wa miaka sabini alipanda ngazi kufuata nini?”

“Kunionyesha nilipobakiza, chini ya paa. Nikamwambia shuka mwalimu, nitapanda mwenyewe. Akasema macho yangu yameumbwa kwa ajili ya kupepesa tu.”

“Ngazi ilipotikisika akasemaje?”

“Alisema kwa Kiingereza. Mwalimu akiogopa au akikasirika hana lugha nyingine, hata akikanyaga mwiba.”

“Alisema nini, bwana?”

“Hold on.”

“Enhe?”

“Nikasubiri.”

Kalamu ya sajini ikasimama. Mshonaji akajiziba mdomo kwa kanga. Mjane wa mwalimu, aliyekuwa analia tangu asubuhi, akaanza kucheka kile kicheko cha msibani kisichojua adabu.

“Mwache, mwanangu,” akamwambia sajini. “Kosa hilo ni la marehemu.”

Akaeleza. Miaka thelathini nyuma, darasa la saba, mwalimu aliuliza maana ya hold on. Huyu akanyoosha mkono: shikilia. Mwalimu alikuwa anataka subiri, ile ya kwenye simu. Akamchapa viboko kumi vya viganja, kisha akampandisha juu ya dawati, mikono nyuma, arudie mpaka kengele: “Hold on maana yake subiri. Hold on maana yake subiri.” Viganja vilivimba, mtihani ukamkuta hashiki kalamu. Shule ikaishia hapo. Jina ndilo halikuisha.

“Na kila sherehe mume wangu alikuwa lazima aisimulie. Hata kwenye harusi ya huyu huyu, kashika maikrofoni, bibi harusi anamtazama. Watu walicheka mpaka viti vikaanguka.” Akafuta pua. “Nami nilicheka. Mungu anisamehe.”

Sajini akakuna kichwa. “Lakini mama, hold on ni yote mawili. Kusubiri ni hold on, na kushikilia ni hold on.”

“Wewe umesoma, afande,” fundi akasema polepole. “Mimi niliambiwa ni moja. Lile la pili ndilo nililochapiwa.”

“Hajui chochote, maskini,” mjane akaongeza. “Leo asubuhi marehemu kamtafsiria Kiingereza cha kwenye kopo, jinsi ya kuchanganya, neno kwa neno. Huyu anaitikia tu, ndiyo mwalimu, ndiyo mwalimu, na hapo keshamaliza kuchanganya.”

Sajini akaandika: ajali, kutojua lugha. Akazirudisha pingu kiunoni.

“Walau somo lilimwingia,” mshonaji akanong’ona, halafu akakumbuka yuko kwa nani.

Mjane alimsindikiza fundi mpaka getini. Akamshika mkono, akamwomba radhi kwa niaba ya mumewe, kwa harusi ile, na kwa miaka yote. Fundi akajifuta macho kwa mkono wa shati. Rangi ya buluu ikabaki shavuni.

“Yameisha, mama. Mwalimu alikuwa mzazi.”

Wiki iliyofuata alikuwa kwenye kazi nyingine, nyumba ya ghorofa mbili. Juu ya ngazi alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe, na kopo limemning’inia kiunoni. Fundi alikuwa chini, mkono mmoja kwenye ngazi, wa pili umeshika simu. Mwenye nyumba, mtu wa ng’ambo, alikuwa na maswali mengi, na fundi alimjibu yote kwa Kiingereza kilichonyooka kama uzi wa mwashi, mpaka wakataniana.

Ngazi ikatikisika.

“Hold on,” akaiambia simu, akaitumbukiza mfukoni.

Kisha akainua uso. “Hold on, shemeji!” akapaza sauti, na mikono yake yote miwili ikaibana ngazi kama koleo.