Reli ya Jiji Yafika kwa Bhoke

Mgambo walikuwa wameshang'oa nyasi za upande mmoja wa paa iliposikika sauti: "Shukeni!"

Aliyeamuru alikuwa kijana aliyevaa suti ya kaunda, begani amebeba darubini ya kupimia ardhi, yenye miguu mitatu. Akasimika kigingi chekundu pembeni mwa ua wa Bhoke.

Katibu Kornelio akamkabili. Alikuwa ameletwa kutoka Bukoba kuhamishia kijiji chote kando ya barabara, na nyumba ya mjane huyu ndiyo pekee iliyokuwa imebaki. Bhoke alikataa kuliacha kaburi la mumewe.

"Wewe nani?"

"Injinia. Napima njia ya treni za abiria za jiji la Dar es Salaam."

"Dar es Salaam? Hapa Tarime?"

"Jiji linakua, Ndugu Katibu. Tusubiri lifike hapa ndipo tupange? Au unapinga mipango ya serikali?"

Kornelio hakuwahi kupinga mpango wowote, hata ule wa kulima pamba juu ya mawe. "Nani anapinga?" akasema haraka. "Nauliza tu stesheni itakaa wapi."

"Jirani na ofisi yako. Ila nyumba hii isiguswe. Vipimo vyote vinaanzia hapa."

Bhoke akatoka na kibuyu cha maziwa ya mgando. Injinia akaruka kando, akajitosa kwenye mtama na kumpa mgongo mpaka alipopita. Mzee Mwikwabe, mmoja wa wanakijiji waliokuja kutazama, akakohoa. Wengine wakainamisha vichwa. Kornelio akajua wamechukizwa kama yeye.

Kesho yake alikwenda Bomani kutangaza treni. Wakubwa wakampigia makofi. Mmoja akauliza kama kutakuwa na behewa la daraja la kwanza. Mgambo wale wale wakarudi kuliezeka paa la Bhoke.

Kazi ilipokwisha, Kornelio akaenda kumpa pole.

"Mama, yule kijana alinikera. Kusoma kote kule! Mtu mzima unamtolea maziwa, yeye hata kukutazama usoni hataki. Hakufunzwa adabu kwao."

Bhoke alikuwa amejiapiza kunyamaza. Hilo likamshinda.

"Koma, Katibu! Nashoni ana adabu kukushinda. Kwani kwenu Bukoba mkwe humkodolea macho mama wa mkewe?"