Kuku wa Kumpongeza Zawena

Jumatatu, tarehe tatu Machi, Zawena alipoanza kazi ya uuguzi, ndipo nyumba ya baba yake, Mzee Shemdoe, ilipoharibika. Wakubwa wa hospitali walimtia kidude nyuma ya sikio, kama wauguzi wote, cha kuzima huruma awapo wodini. Eti machozi yanachelewesha kazi. Wao wenyewe hawakutiwa. Mkuki kwa nguruwe.

Jioni mzee alikamata kuku wa kumpongeza. Tangu utotoni, kuku akichinjwa, Zawena hukimbilia chumbani akaziba masikio. Leo alimkanyaga mbawa mwenyewe.

"Chinja, Baba, maji yameshachemka."

"Si walisema huruma inarudi ukitoka getini?"

"Walisema. Leo wodini tumefiwa na wagonjwa watatu. Chumvi iko wapi?"

Kisu kilimgandia mzee mkononi. Alimkumbuka marehemu mkewe, aliyekata roho katika wodi ile ile, huku muuguzi amemshika mkono, na kwa mkono wake wa pili akikunja shuka taratibu, bila haraka.

Zawena aliinyoosha shingo ya kuku, akangoja.

"Mwanangu," mzee aliuliza, "yule aliyemshika mama yako mkono siku ile, naye alikuwa amezimwa?"