Nyufa za Mbele

Fundi mwashi alikuwa akivunja ukuta wake mwenyewe, na mkewe alikuwa chini ya ngazi akimhimiza.

"Pale juu bado panang'aa! Nyumba gani ya kale inang'aa kama sahani?"

"Mdomo wako ungekuwa nyundo, tungekwisha maliza."

Mwaka juzi alijisifu mtaa mzima alipoipiga nyumba ya babu yake plasta ya saruji na kuipaka rangi nyeupe. Sasa mji ulikuwa ukijengwa upya. Barabara pana ilikuwa inakuja kando ya bahari, na tingatinga lilishafika kona ya mtaa. Nyumba za kale zingeachwa. Nyingine zote chini.

Jana kutwa nzima walipanga foleni ofisi ya mji, yeye, mkewe na mama yake, kuuliza mkaguzi wa nyumba za kale atapita lini. Walijibiwa wakasubiri nyumbani.

Kwa hiyo leo saruji ilikuwa inatoka, mawe ya babu yaonekane. Palipogoma kutoka, Fundi alichonga nyufa kwa tindo. Mkewe alizimwagia chai ya rangi, zionekane za siku nyingi.

Mama alikuwa mlangoni na kitambaa chenye maji, anasugua kwa hasira.

"Watoto wa jirani hawana adabu. Wamechora tena mlango wangu."

"Acha, mama. Leo tunautaka uchafu."

"Uchafu wa babu yako, sawa. Wa watoto wa watu, sitaki."

Mara akatokea mwanamume mwenye kofia ngumu, na futi ya chuma kiunoni. Fundi alishuka ngazi nusura aanguke.

"Karibu, bosi! Karibu sana!"

Mgeni hakukaa. Aliutazama mlango juu hadi chini, kisha akaenda ukutani na kuingiza kidole kwenye ufa.

"Huu umeanza lini?"

"Huo nimezaliwa nimeukuta."

"Na huu?"

"Huo mkubwa kwangu, bosi. Nikiamka naupa shikamoo."

Mkewe aliziba mdomo kwa upande wa khanga. Mgeni hakucheka. Alipima ufa mmoja baada ya mwingine, akagonga ukuta, akasikiliza, akatikisa kichwa. Fundi alimfuata nyuma, mikono imejaa vumbi, hajui aiweke wapi.

"Nyumba imechoka hasa," mgeni alisema mwishowe.

"Si nilikwambia!" mke alimnong'oneza mumewe. Kisha kwa sauti: "Kwa hiyo inabaki, kaka?"

"Ibaki vipi?"

"Si wewe ndiye mkaguzi wa nyumba za kale?"

"Hapana, dada. Wale walipita jana, mtaa mzima. Nyumba ya kubaki waliichorea duara la buluu mlangoni, kwa chaki." Alitoa kopo la rangi nyekundu mfukoni, akalitikisa. "Mimi nachagua za kubomoa katika zisizo na alama. Zenye nyufa ndizo zinaanza kuanguka."

Fundi akageuka polepole kumtazama mama yake.

Mama alikuwa bado amesimama mlangoni. Maji yaliyodondoka kutoka kwenye kitambaa chake yalikuwa ya buluu.