Beseni la Simu

Beseni lilizungushwa sebuleni, na kila mtu akatumbukiza simu yake humo kwa shingo upande. Mpambe wa mgombea akalifunika kwa taulo, akalipeleka jikoni na kufunga mlango kwa ufunguo. Ndipo mgombea aliposimama.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alianza. "Humu ndani kuna msaliti."

Wanakamati walitazama miguu yao. Tangu kampeni zianze, kila kilichosemwa katika sebule ile kilitokea siku hiyohiyo mtandaoni, kwenye ukurasa wa mwanamke mmoja waliyemwita Kipaza. Mgombea alipowaita watu wa bondeni kondoo, Kipaza aliandika kondoo. Alipomwahidi binamu yake zabuni ya kuzoa taka, Kipaza aliandika mpaka jina la binamu. Siku hizi mgombea akishuka bondeni kuomba kura, watu walimpokea kwa kulia mee.

Mwenyewe hakuwahi kuufungua ukurasa huo. Alisomewa tu, na kila aliposomewa alifura. Alikuwa na simu ndogo ya vitufe, isiyo na kamera wala intaneti, iliyokaa kwenye mfuko wa shati lake. Hiyo peke yake haikuingia kwenye beseni. Hata ule utaratibu wa vitufe kujifunga alikwisha mwamuru dereva auondoe, maana ulimchelewesha, na yeye asubuhi alikuwa na haraka. Kazi yake ya kwanza baada ya kupiga mswaki ilikuwa kumpigia Kipaza na kumporomoshea matusi. Baada ya hapo hakumpigia mtu mwingine; wengine wote aliwaita kwa kupaza sauti, na kikao kilianza.

"Baba watoto," mkewe alisema, "mgombea wa leo akiwa hajui simu wala mitandao, analiwa mchana kweupe. Tafuta mtu akufundishe, walau hiyo uliyo nayo."

"Simu ya kupiga na kupokea ina nini cha kufundishwa?" Akajipiga kifua, pu, pu. "Mimi nina mdomo! Watu wanachagua mdomo, hawachagui kioo!"

Wanakamati wakapiga makofi, kwa kuwa ndiyo kazi waliyoitiwa.

Kufika jioni, Kipaza alikwisha andika: "Watu wanachagua mdomo, hawachagui kioo." Chini yake aliweka na ushauri wa mke, neno kwa neno, na watu mia kadhaa walikuwa wakicheka.

Mgombea alisomewa akiwa mezani. Akaisukuma sahani ikavunjika. Dereva alikwisha fukuzwa. Shemeji yake, mdogo wa mkewe, alikwisha tolewa nje akiwa ameshikwa ukosi, na maneno bado yalivuja. Akaiita kamati nzima irudi, akamsimamisha mkewe katikati ya sebule.

"Simu zote zilikuwa kwenye beseni," alisema. "Zote, isipokuwa yangu. Na vocha yangu haikai! Naweka asubuhi, mchana hakuna kitu. Nani anaishika simu yangu nikienda kuoga? Nani analala na mimi kitanda kimoja? Unampigia Kipaza kwa vocha yangu mwenyewe!"

"Mimi?" Mkewe alimaka. "Nimekuzalia watoto wanne. Nimeuza cherehani yangu ukachapishe mabango. Sina hata namba ya huyo mwanamke!"

"Mwongo. Toka. Na watoto watabaki hapa, sitaki uwafundishe umbea."

Mkewe alimsihi, akamshika mkono. Mume akaukung'uta kama anayekung'uta siafu. Mpambe alimtupia begi lake nje, na mtoto mdogo akawa analia dirishani huku amefungiwa ndani. Njia nzima kwenda kwa dada yake, mke alijiuliza jambo moja tu: atawapataje watoto wake kutoka kwa mtu ambaye kesho kutwa angekuwa mheshimiwa.

Kulipokucha simu yake iliita. Alikuwa mumewe.

"Ufunguo wa stoo uko wapi, wewe mchawi?"

"Juu ya kabati. Mtoto ameamkaje?"

Akakatiwa.

Haukupita muda ikaita tena, namba ileile. Akapokea huku ameuma meno, tayari kwa matusi mengine. Hakuna aliyemsemesha. Alisikia kitambaa kikisuguana, kisha sauti ya mumewe ikamfikia kama anayesemea ndani ya gunia, akiongea na mpambe.

"Sasa tuongee kwa raha, mwenye mdomo ametoka. Sikia, lile daraja la bondeni halipo. Fedha zake ndizo zilizotuchapishia yale mabango mengine. Wakishapiga kura, wale kondoo watavuka kwa kuogelea. Na huyo mwanamke kuwaona wanangu, labda kwenye picha. Mji huu una mwenyewe, na mwenyewe ni mimi!"

Pu, pu. Kishindo kikamgonga sikioni.

Ndipo alipoelewa: simu ile ya mfukoni ilikuwa imejibonyeza yenyewe na kurudia namba ya mwisho iliyopigwa. Dada yake, aliyekuwa akimimina chai, alimkazia macho.

"Anakutukana tena huyo? Kata, mdogo wangu. Usikubali."

Mwanamke akamwonyesha kidole mdomoni. Akaiweka simu katikati ya meza taratibu, akaongeza sauti mpaka mwisho, akaivuta simu ya dada yake na kuanza kurekodi.

"Dada," alinong'ona, "hivi namba ya huyo Kipaza inapatikanaje?"